Ijumaa ya Mavazi ya Kawaida

Neno lililotaka kuninyima mume lina silabi nne, na nililiandika mwenyewe, kwa vidole vyangu kumi, bila kosa hata moja la tahajia: kawaida.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Mkurugenzi alikuwa ametoka kwenye kikao cha wakubwa na wazo kwamba ofisi yetu ya bima imekaza shingo mno, wateja wanatuogopa, basi siku ya Ijumaa watu walegeze kidogo. Kazi hiyo akampa Mkuu wa Utumishi, na Mkuu wa Utumishi akanipa mimi, katibu muhtasi wake. Nikaandika hivi: "Kuanzia kesho, kila Ijumaa wafanyakazi wote watavaa mavazi ya kawaida." Akasoma, akatia saini, nikabandika ukutani karibu na lifti nikarudi zangu kunywa chai.

Mkuu wa Utumishi ni shangazi yangu, dada wa baba, tumbo moja. Ndiye aliyenichukua nikiwa na miaka tisa, baba alipofariki, mama akiwa ameshamtangulia. Ofisini humwita Mama Rula, kwa sababu ya rula ya mbao aliyonayo kwenye droo, anayopimia sketi kutoka gotini. Nyumbani namwita Shangazi. Kazini ni marufuku. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mlangoni akaniambia kwamba nguo za nyumbani zinabaki nyumbani, na maneno ya nyumbani vilevile. Ndani ya jengo hili yeye ni Mama kwangu kama alivyo Mama kwa wengine wote. Miaka minne sijateleza. Hata siku niliyobanwa kidole na kabati la mafaili nililia "Mama!", watu wakadhani namlilia marehemu mzazi wangu.

Sasa, Ijumaa yenyewe. Nusu ya ofisi ilisoma kawaida kwa maana ya siku zote, wakaja na suti na tai zao, wengine wakiwa wamezikaza kuliko Jumatatu ili wasije wakaonekana wamekaidi agizo. Nusu nyingine ilisoma kawaida kwa maana ya unavyokaa kwako. Mhasibu alikuja na suruali ya mazoezi. Dada wa mapokezi alivaa gauni la kushindia. Mwanasheria wa kampuni, mtu mzima na mvi zake, alitoka kwenye lifti na ndala miguuni, akitembea kwa heshima zote. Wenye tai wakawacheka wenye ndala, wenye ndala wakawacheka wenye tai, na saa tatu kamili wageni wa bodi wakaingia kutukagua.

Mkurugenzi alimwambia Shangazi sentensi moja tu kwenye korido. Sikuisikia, lakini niliona alivyorudi ofisini, taya limekaza. Akaniambia niandae fomu za maelezo. Kila aliyepitiliza aitwe mmoja mmoja, aeleze, mimi niandike. Akanitajia majina. Walikuwa tisa, na wa tisa alikuwa Wino.

Wino ni fundi wa mashine za kuchapa na za kunakili. Jina hilo amelipata kwa sababu vidole vyake havijawahi kutakata, na hata akioga mara tatu bado utamjua kwa kucha. Siku zote huvaa ovaroli ya bluu yenye mifuko minane. Kwa mwaka mmoja na miezi minne, mimi na yeye tulikuwa tunakutana kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Palikuwa mahali salama. Shangazi ana goti bovu, hapandi ngazi hata lifti ikiharibika. Hukaa chini akasubiri mpaka itengenezwe. Basi mapenzi yangu yote yalikuwa na vidato kumi na minne na dirisha moja la kioo cha ukungu.

Nisiseme uongo, mimi nilikuwa nimeridhika. Aliyechoka ni yeye.

Jumatano ile alinikuta ngazini akiwa ameshika bahasha. Wamempa nafasi kwenye tawi jingine, mbali, kazi ileile na cheo kidogo juu. Jibu lilitakiwa Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Nikamwambia asikubali. Akaniuliza asikubali kwa sababu gani, na mimi nikaanza kuzungumza habari za goti la Shangazi, na wageni wa Jumapili, na jinsi mambo yanavyotaka taratibu.

Wageni wa Jumapili walikuwa na habari yao. Shangazi alishakubali kupokea wazee wa mhandisi mmoja wa barabara, waje saa nne asubuhi kuzungumza kuhusu mimi. Nilikuwa nimemwona mara mbili. Si mtu mbaya. Mara zote mbili alinieleza kuhusu lami.

"Mimi sikukatazi kumheshimu shangazi yako," Wino aliniambia, akikunja bahasha mara mbili. "Lakini nikibaki, nibaki kama mtu wako. Kama ni kuwa mtu wa ngazini tu, bora niende."

"Nipe muda."

"Nimekupa mwaka na nusu. Nipe jibu. Si lazima uniambie kwa mdomo, ukiona vigumu. Nitaelewa."

Akashuka. Nami badala ya kumfuata nikapanda, kwa sababu simu ya mezani ilikuwa inaita. Huo ndio moyo niliokuwa nao wakati ule, na siuonei fahari.

Kuna shati ambalo lazima nilieleze. Nilikuwa nimemshonea kwa siri, Jumamosi sita, kwa cherehani ya jirani. Kitambaa cha kijani kilichoiva, kola ya kusimama, vifungo sita mbele na kimoja kila mkono. Nilipompa nilimwambia alivae mahali ambapo hakuna anayenijua. Alilikunja taratibu, akasema sawa, na sikuwahi kumwona nalo. Basi fikiria mtu huyo anayesubiri jibu, amepita kwenye lifti Alhamisi jioni na kukuta tangazo lililoandikwa na mimi, linalowataka watu kesho wavue sare wavae kawaida. Mwenzangu alidhani nimemjibu, kwamba sasa alivae shati langu hadharani.

Ijumaa asubuhi alipita mbele ya meza yangu na lile shati. Alinitazama tu, macho yake yamejaa shukrani, akatabasamu na kwenda zake kwenye mashine ya ghorofa ya tatu. Mimi nikabaki nimeshika kikombe, moyo unapiga mpaka nikahisi dada wa mapokezi anausikia. Nilielewa palepale alichoelewa. Ningeweza kuinuka nimwambie amekosea, nikaona nitasubiri saa ya chai. Saa ya chai haikufika.

Wanane wa kwanza walipita haraka. Mwanasheria alijitetea kwa vifungu vya sheria kwamba ndala ni kawaida. Mhasibu aliomba radhi kabla hajakaa. Shangazi aliwasikiliza wote kwa upole wa kutisha, nami nilikuwa kwenye meza ya pembeni nikijaza fomu: aina ya vazi, kasoro, maelezo ya mhusika, hatua iliyochukuliwa.

Kisha Wino akabisha hodi.

Aliingia akasimama katikati ya zulia, mikono nyuma. Shangazi alimtazama kutoka viatu kupanda juu, akaanza kunisomea niandike. Vazi: shati la kijani. Kasoro: halina kola ya kukunja, na mhusika ameacha ovaroli aliyopewa na kampuni. Alikuwa amechoka, ilikuwa karibu saa nane, na nikaona kwamba angemaliza kwa onyo dogo kama wenzake. Nikaanza kupumua.

"Sogea," akamwambia. "Kitambaa si kibaya. Kimeshonwa vizuri."

Akavaa miwani yake inayoning'inia kwa mnyororo. Akainama mbele kidogo. Kisha akainama tena, karibu zaidi na kifungo cha kwanza.

Kifungo cha matundu manne watu hukishona kwa mistari miwili, au kwa msalaba. Bibi yangu, mama yake Shangazi, alikishona kwa namna yake: uzi unatoka tundu moja, unakwenda kwenye matatu mengine, unafanya alama ya mguu wa kuku. Alimfundisha binti yake. Binti yake akanifundisha mimi nikiwa na miaka kumi, jioni moja mvua ikinyesha, akanichapa vidole kila nilipokosea. Sijawahi kuona kifungo kama hicho kwa mtu mwingine duniani. Na Bibi alikuwa na kauli yake: mpita njia hashonewi mguu wa kuku. Ni kwa mtu wa nyumbani tu. Mimi sikukaa nikawaza hayo nilipokuwa nashona lile shati. Mkono wangu haujui njia nyingine.

Shangazi alitazama vifungo sita vya mbele, kimoja kimoja. Kisha akatazama kifungo cha mkono wa blauzi yake mwenyewe.

"Shati hili umelitoa wapi?"

Wino alinitazama kwa kiasi cha kufumba na kufumbua. Sijui uso wangu ulikuwaje. Lazima ulikuwa na hofu tupu, kwa sababu niliona ile furaha ya asubuhi ikimtoka machoni, taratibu, mpaka ikaisha. Alikuwa ameelewa kwamba hapakuwa na jibu lolote kwenye tangazo.

"Sokoni, Mama," akasema. "Mtumba."

"Mtumba."

"Ndiyo, Mama."

"Mtumba wenye vifungo vya mama yangu mzazi." Hakupaza sauti. Bila kugeuka akaniambia, "Andika. Mhusika amesema shati ni la mtumba."

Nikaweka kalamu kwenye karatasi. Feni ilikuwa inazunguka. Niliandika "shati ni la", na hapo mkono ukakataa.

Wino akaendelea, sauti yake ya chini, ya heshima, na kila neno likaniingia. Alisema kosa ni lake. Alilisoma tangazo vibaya, akadhani limeandikwa kwa ajili yake. Aliomba radhi kwa usumbufu. Tena akaomba ruhusa aseme jambo jingine, kwa kuwa barua yake ya uhamisho iko mezani kwa Mama: jibu lake ni ndiyo. Angekwenda. Alikuwa anasokota kifungo cha mkono wake wa kulia, kinazunguka, kinazunguka, na nilijua uzi wa pale haukuwa mzuri, nilimalizia nikiwa na haraka.

"Shangazi," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka lenyewe, na baada ya miaka minne ndani ya jengo lile lilisikika kubwa. Shangazi aligeuza kiti chake kizima.

"Umeniita nani?"

"Shangazi. Shati si la mtumba. Nimelishona mimi."

"Toka lini?"

"Shati, miezi mitatu. Mengine, mwaka na miezi minne."

"Wapi? Nyumbani unarudi na mimi. Asubuhi unakuja na mimi. Wapi?"

"Kwenye ngazi."

Mkono wake ukashuka wenyewe ukagusa goti. "Unajua sipandi ngazi."

"Ndiyo maana, Shangazi."

Ningepewa nafasi ya kurudisha sentensi moja katika maisha yangu ningerudisha hiyo. Niliona imemchoma mahali ambapo sikukusudia, kwenye maumivu yake halisi, yale ninayomkandia kwa maji ya moto kila Jumapili. Wino akasogea hatua kama anataka kusema twende tutoke. Shangazi akamwinulia kidole abaki alipo.

Kisha akazungumza, na hakuzungumza kama Mama Rula. Akanikumbusha kwamba baba yangu alimshika mkono hospitalini na kumwomba jambo moja, kwamba mtoto huyu asianze maisha kwa kubahatisha. Akasema ameishi miaka kumi na minane na ahadi hiyo, amekataa watu wawili waliotaka kumwoa kwa sababu hawakutaka mtoto wa kaka mtu. Hilo la watu wawili sikuwahi kulisikia.

"Kijana," akamgeukia Wino, "sina ugomvi na wewe. Mashine zangu unazitengeneza vizuri. Lakini wewe ni mtu wa kawaida tu."

"Kawaida ipi?" nikauliza.

"Usinichezee maneno."

"Sichezi, Shangazi. Leo nusu ya ofisi imeumbuka kwa neno hilo, nami ndiye niliyeliandika, kwa hiyo niulize. Ni kawaida ile ya kila siku, au ile ya mtu akiwa kwake? Kwa sababu huyu ni zote mbili. Nisipomwona siku moja siku hiyo haijakamilika. Na nikiwa naye sina haja ya kujibana. Mhandisi wako ni mtu mzuri, lakini nikiwa naye najiona nimevaa sare."

Sikuthubutu kumtazama Shangazi, nikamtazama Wino. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama asubuhi, ila safari hii bila tabasamu, na ilikuwa afadhali zaidi.

"Na wewe huna la kusema?" Shangazi akamuuliza. "Mwenzako anabishana na mlezi wake, wewe umesimama tu."

"Nilimwomba kitu kimoja, Mama," Wino akajibu. "Nisiwe mtu wa ngazini. Amenipa leo, mbele yako. Ukinifukuza sasa hivi nitatoka kwa mlango, si kwa ngazi."

Na hapo kifungo cha mkono kikakatika. Kikaanguka, kikabingirika juu ya zulia mpaka chini ya meza ya Shangazi, kikagonga kiatu chake. Sote watatu tulikitazama.

Ofisi nzima inajua sheria ile: hakuna anayetoka mbele ya Mama Rula na kifungo pungufu. Kwenye droo ileile ya rula kuna sindano na vibiringo vitatu vya uzi. Shangazi aliinama kwa shida, akakiokota. Nilipoinuka kumsaidia akaniambia nikae. Akatunga uzi mara ya kwanza, bila kulamba wala kubahatisha.

"Lete mkono."

Wino akanyoosha mkono juu ya meza, vidole vyake vyenye wino vimekunjwa kwa aibu. Shangazi akaanza kushona. Nilisimama bila kujijua. Sikutazama uso wake, nilitazama sindano. Uzi ulitoka tundu la kwanza, ukaenda la mbele yake kwa mshazari. Ukarudi. Ukatoka la pili, ukakata juu ya ule wa kwanza. Msalaba. Msalaba wa fundi yeyote, wa shati lolote. Nikakaa chini.

"Hiki ni cha ofisi," akasema, akizungusha uzi chini ya kifungo kukikaza. "Umeshashonewa vinane bila mimi kuulizwa. Hiki kimoja ni changu, na sijaamua."

"Naelewa, Mama."

"Huelewi bado. Wageni wa Jumapili wanafika saa nne. Wewe ufike saa tatu, na mtu mzima wa kwenu, anayejua kuzungumza. Nina saa moja ya kukusikiliza, haitakuwa na dakika ya nyongeza. Barua ya uhamisho itasubiri Jumatatu."

Wino akauliza, kama mtu anayeogopa kukosea tena, aje amevaaje.

"Kawaida," Shangazi akasema.

Tukatazamana, mimi na Wino. Mwisho ikabidi niulize mimi, kwa kuwa neno lile nililileta mwenyewe ndani ya nyumba.

"Kawaida ipi, Shangazi?"

"Ndani ya jengo hili mimi ni Mama." Akakata uzi kwa meno, akairudisha sindano kwenye kibiringo, na kwa mara nyingine akapitisha macho juu ya vifungo sita vya mbele, kuanzia shingoni kushuka. Alichukua muda wake. Kisha akafunga droo.

"Hilihili," akamwambia Wino, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ulipige pasi."